Edward Alleyn, Mwigizaji Aliyewajengea Maskini

Wapendwa wasomaji, katika kurasa hizi tumezoea kuwaletea habari za maaskofu, wamisheni na mashahidi wa imani. Safari hii tumemchagua mtu wa namna nyingine, mwigizaji wa michezo. Jina lake ni Edward Alleyn, Mwingereza aliyeishi wakati mmoja na Shakespeare, na katika siku zake hakuna aliyempita kwa sifa jukwaani. Tumemchagua kwa sababu maisha yake yanagusa swali ambalo kila mtaa wa Kanisa hukutana nalo: je, mali iliyopatikana kwa kazi isiyosifiwa na watu wa dini yafaa kutolewa kwa Mungu?

Alleyn alizaliwa London tarehe 1 Septemba 1566, akabatizwa katika Kanisa la St Botolph, Bishopsgate. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni, naye alifariki mtoto akiwa bado mdogo sana. Kufikia mwaka 1583 kijana huyu alikuwa tayari katika kundi la waigizaji. Kazi hiyo haikuwa na heshima. Sheria ya mwaka 1572 iliwahesabu waigizaji wasiodhaminiwa na bwana mkubwa kuwa sawa na wazururaji. Wahubiri wengi waliilaani michezo mimbarani, na wakuu wa jiji hawakuitaka. Kwa hiyo nyumba za michezo zilijengwa nje ya mamlaka yao. Mojawapo iliitwa Rose, iliyojengwa na mfanyabiashara Philip Henslowe mwaka 1587, kusini mwa mto Thames.

Michezo ilifanyika alasiri, kwa mwanga wa mchana. Mtu alilipa peni moja na kusimama uwanjani. Aliyetaka kuketi aliongeza. Wanawake waliigizwa na wavulana. Misingi ya Rose ilipofukuliwa mwaka 1989 na baadaye kuchunguzwa, yalionekana mabaki ya vyakula vya watu wale: njugu, matunda na chaza. Mbele ya watu hao Alleyn aliigiza wakubwa wa tamthilia za Christopher Marlowe, kama vile Tamburlaine mshindi wa vita, na Faustus, msomi aliyemwuzia shetani roho yake.

Mwezi Oktoba 1592 alimwoa Joan Woodward, binti wa kambo wa Henslowe. Wakati huo tauni ilikuwa imeingia London. Nyumba za michezo zilifungwa, na waigizaji wakaenda kutafuta riziki mikoani. Joan alibaki nyumbani. Barua ambayo mumewe alimwandikia kutoka Bristol mwezi Agosti 1593 ingalipo. Anamwita kwa mapenzi panya wake. Anamwagiza aweke nyumba safi, amwage maji mbele ya mlango kila jioni, na aweke majani machungu madirishani ili kuzuia ugonjwa. Na zaidi ya yote asiache kumwomba Bwana. Kisha anamkumbusha soksi zake za sufi zitiwe rangi nyeusi kwa ajili ya majira ya baridi, na tuta la bustani lipandwe spinachi. Ndivyo alivyokuwa huyo Tamburlaine aliyetisha watu jukwaani: mume aliye mbali, mwenye wasiwasi na nyumba yake.

Fedha zao nazo tunazijua, maana Henslowe aliandika hesabu katika daftari kuukuu ambalo ndugu yake alikuwa amelitumia kwanza. Humo twaona mapato ya michezo, mikopo ya waandishi na bei za mavazi. Mtunzi alipata kama pauni 6 kwa mchezo mzima, na joho moja zuri la mahameli liliweza kupita bei hiyo mara kadhaa.

Mwaka 1600 Alleyn na Henslowe walijenga nyumba nyingine, Fortune, kaskazini mwa jiji. Wapo waliopinga. Lakini wenyeji wa Finsbury walitia sahihi kuikubali, na sababu yao moja ni kwamba waigizaji waliahidi kutoa fedha kila juma kwa maskini wa mahali pale. Maskini wao walikuwa wengi, na msaada wa mtaa haukutosha.

Hatutaki kumpaka mtu huyu mafuta. Sehemu ya utajiri wake ilitoka katika mchezo wa kuwapambanisha dubu na mbwa, ukatili ambao watu wa siku zile, hata wafalme, waliufurahia. Na wakati huohuo alikuwa mmoja wa wazee wa kanisa katika St Saviour's, Southwark, kanisa ambalo tangu mwaka 1905 ni kanisa kuu la dayosisi.

Alleyn na Joan hawakujaliwa mtoto. Mwaka 1605 alianza kununua shamba kubwa la Dulwich, kusini mwa London, na huko akajenga chuo, nyumba za wazee na kanisa dogo. Kanisa hilo liliwekwa wakfu mwaka 1616 na George Abbot, Askofu Mkuu wa Canterbury. Hati ya mfalme ilicheleweshwa na wakubwa, lakini hakukata tamaa, hata ikapatikana tarehe 21 Juni 1619. Alikiita Chuo cha Karama ya Mungu. Wazee maskini 6 wanaume, wazee maskini 6 wanawake, na wavulana maskini 12 wa kusomeshwa walipata mahali. Aliwachagua kutoka mitaa aliyoijua, ukiwamo ule aliobatizwa na ule aliojenga Fortune.

Joan alifariki mwaka 1623. Mwaka huohuo Alleyn alimwoa Constance, binti wa John Donne, mshairi na Mkuu wa Kanisa la St Paul's. Yeye mwenyewe alifariki Novemba 1626, akazikwa katika kanisa dogo alilolijenga.

Watu walipenda kusimulia kwamba siku moja, akiigiza Faustus, alimwona shetani wa kweli jukwaani, akaogopa, akatubu na kujenga chuo. Ni hadithi tamu, lakini sisi twaziamini zaidi karatasi zake, ambazo chuo kinazitunza hata leo pamoja na daftari la Henslowe. Humo hamna shetani. Mna mtu aliyeandika matumizi yake siku kwa siku, akanunua ardhi kidogo kidogo kwa miaka mingi, akabembeleza wakubwa, kisha akaitoa mali yake kwa wasio na kitu.

Swali letu la kwanza twaliacha kwenu, wapendwa. Ila kumbukeni kwamba wale wavulana 12 walisoma, na wale wazee 12 walilala mahali pakavu. Na ninyi watunza hazina na makatibu wa mitaa, msizichome karatasi kuukuu zilizomo kabatini mwa kanisa. Huenda humo ndimo wajukuu wetu watakapotuona tulivyokuwa.