Maisha ya Martin Kayamba, Mwanafunzi wa Kiungani

Katika kurasa za Yubile ni desturi kuwataja kwanza mapadre na mashemasi waliotoka katika Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani. Ndivyo ipasavyo, kwa maana chuo kile kilijengwa kwa ajili ya kazi ya Mungu. John Swedi, aliyepewa ushemasi mwaka 1879, na Cecil Majaliwa, aliyepewa upadre mwaka 1890, walikuwa malimbuko yake, na majina yao hayatasahauliwa katika Kanisa letu. Walakini wako wengine waliokaa katika madawati yale yale, wakasali katika kanisa lile lile, kisha wakaitwa kwenye kazi ya namna nyingine. Mmoja wao ni marehemu Martin Kayamba. Hakuvaa kanzu ya upadre. Alishika kalamu ya karani, na kwa kalamu ile akafika mahali ambapo Mwafrika wa Tanganyika hakuwa amefika kabla yake.

Kwanza inafaa tuseme habari ya chuo chenyewe. Mwaka 1864 Askofu Tozer na Padre Steere walifika Unguja, na muda si mrefu Sultani Seyyid Majid akawapa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hao watano ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza. Baadaye Misheni ilipata kiwanja mahali paitwapo Kiungani, kusini ya mji, karibu na bahari, na hapo ndipo chuo kilipokua. Hapo mwanzo kilikuwa makao ya watoto waliookolewa katika utumwa. Lakini miaka ilipopita wakaletwa pia wana wa watu huru kutoka Bondei, na Masasi, na Nyasa, ili wafundishwe na kurudi kwao kuwa walimu. Walisoma Maandiko Matakatifu, na Kiswahili, na Kiingereza, na hesabu. Wengine wakafundishwa kazi ya kupiga chapa. Kwa hiyo Mbondei na Myao na Mnyasa walikutana katika nyumba moja, wakala chakula kimoja, na lugha yao ya kusemezana ikawa Kiswahili. Jambo hili tuliweke moyoni, maana tutaliona tena katika maisha ya mtu huyu.

Martin alizaliwa Mbweni, Unguja, tarehe 2 Februari mwaka 1891. Mbweni palikuwa kijiji cha Misheni, walipokaa watu waliokombolewa, na palikuwa na shule ya wasichana. Lakini wazazi wake asili yao ni Bara. Babu yake alikuwa Mwelekwanyuma, mtawala wa Kilole katika nchi ya Wabondei. Baba yake, Hugh Peter Kayamba, alikuwa mwana wa Misheni tangu utoto. Alipelekwa Uingereza akasoma katika shule ya Bloxham, kisha akarudi akawa mwalimu. Basi mtoto huyu alizaliwa katika nyumba yenye urithi wa namna mbili, yaani heshima ya utawala wa jadi na heshima ya elimu. Si watoto wengi wa siku zile waliosikia Kiingereza kikisemwa na baba yao.

Akiwa kijana aliingia Kiungani. Siku zile mkuu wa chuo alikuwa Padre Frank Weston, ambaye mwaka 1908 alifanywa kuwa Askofu wa Unguja. Wote waliomjua Weston walisema kwamba alikuwa mkali katika kufundisha, mpole katika kupenda, na kwamba hakukubali kabisa Mwafrika adharauliwe kwa sababu ya rangi yake. Hata alipokuwa Askofu aliandika kijitabu cha kuwapinga watawala wa nchi yake mwenyewe, kwa sababu walikuwa wakiwalazimisha Waafrika kufanya kazi wasiyoitaka. Mwanafunzi aliyelelewa chini ya mkono kama huo hakuweza kutoka bila kujua mambo mawili: kwamba kazi lazima ifanywe vizuri, na kwamba mtu ni mtu mbele ya Mungu.

Alipomaliza masomo, Martin hakukaa katika kazi ya Misheni. Alikwenda nchi ya Kenya, na baadaye Uganda, akafanya kazi za ukarani na za biashara. Siku zile ofisi za Serikali na za reli zilikuwa zikifunguliwa kila mahali, na kijana mwenye kujua Kiingereza na hesabu alitafutwa sana. Wako katika Misheni waliohuzunika walipowaona vijana wa Kiungani wakiondoka hivyo mmoja mmoja. Huzuni yao ilikuwa na sababu, kwa maana shule za vijijini zilihitaji walimu, na mshahara wa mwalimu ulikuwa mdogo sana ukilinganishwa na ule wa karani. Swali hili halikwisha katika siku zile, wala halijaisha hata leo: Je, kijana aliyesomeshwa na Kanisa akitoka kwenda kazi ya dunia, amepotea? Maisha ya Kayamba yatusaidia kulifikiri.

Mwaka 1914 alikuwa amekuja kuwaangalia jamaa zake upande wa Wadachi, na mwezi wa Agosti Vita Kuu ikaanza. Kwa kuwa alizaliwa Unguja, na kwa kuwa alifanya kazi katika nchi za Waingereza, alihesabiwa kuwa mtu wa adui, akakamatwa. Wakati ule ule walimu na makasisi Waafrika wa Misheni yetu nao walikamatwa, wakashukiwa kuwa wapelelezi, wakatiwa katika minyororo na kutembezwa mwendo mrefu kwenda bara. Walifanyishwa kazi ngumu, wakala chakula kibaya, na wengine walikufa. Kayamba alikuwa miongoni mwa wafungwa waliofika Tabora. Humo walikaa mpaka mwezi wa Septemba 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipouteka mji ule na kuwafungua. Mtu mwingine angetoka katika taabu hiyo na uchungu usiokwisha. Yeye alitoka na nia ya kufanya kazi.

Mwaka 1917 aliingia katika kazi ya Serikali mpya ya Waingereza huko Tanga, akawa karani na mkarimani. Lazima msomaji aelewe jinsi ofisi za siku zile zilivyokuwa. Wakubwa walikuwa Wazungu. Makarani wa kati walikuwa zaidi Wahindi na Wagoa. Mwafrika aliwekwa chini kabisa, na mshahara wake ulikuwa chini hata kama kazi ilikuwa ile ile. Wengi walisema wazi kwamba Mwafrika hawezi kuaminiwa na fedha wala na vitabu vya hesabu. Kayamba hakujibu kwa maneno. Aliyatunza majalada, akazihesabu kodi, akaandika barua zisizo na kosa, hata akafanywa karani mkuu wa ofisi ya wilaya ya Tanga. Na jambo kubwa zaidi ni kwamba ofisi ile ikawekwa chini ya makarani Waafrika watupu, naye akiwa juu yao, ili ionekane kama wataweza. Wakaweza. Tangu siku hiyo aliyetaka kusema kwamba Mwafrika hana uwezo wa kuendesha ofisi, ilimpasa kwanza aeleze habari za Tanga.

Tarehe 24 Machi 1922, akiwa pale pale Tanga, alianzisha chama cha Waafrika waliokuwa watumishi wa Serikali ya Tanganyika. Kilikuwa chama cha makarani na walimu, watu wachache wenye mishahara midogo. Walikutana kuzungumza na kusoma, walicheza mpira wa miguu, na walisaidiana kuleta maombi yao mbele ya wakubwa kwa adabu na kwa pamoja. Lakini tazama jinsi kilivyokuwa. Ndani yake walikuwamo Wakristo na Waislamu, watu wa pwani na watu wa bara, Wabondei na makabila mengine, wala hakuna aliyeulizwa kwao ni wapi kabla ya kupewa kiti. Hapa twaona tena meza ya Kiungani. Yale ambayo Martin aliyaonja akiwa mvulana, ya kuishi na mtu wa kabila lingine kama ndugu, aliyatoa nje ya uwanja wa chuo, akayafungulia mlango hata kwa wasiosali pamoja naye. Mwaka 1929 Chama cha Waafrika kilianzishwa Dar es Salaam. Chama hicho kilipogeuzwa mwaka 1954 kikawa TANU, na TANU ndiyo iliyoileta nchi katika uhuru mwaka 1961. Hatusemi kwamba Kayamba aliyaona hayo yote mbele yake. Twasema tu kwamba mbegu moja katika mbegu za kwanza ilipandwa Tanga, na mmoja wa waliopanda alikuwa mwanafunzi wetu.

Hata ilipofika mwaka 1931 jina lake lilijulikana mbali. Kulikuwa na shauri kubwa la kuziunganisha nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika chini ya utawala mmoja. Waafrika wengi waliliogopa shauri hilo, kwa sababu waliona kwamba walowezi wa Kenya, waliokwisha kuchukua ardhi nyingi huko, ndio wangekuwa na nguvu. Bunge la Uingereza likaweka halmashauri kulichunguza jambo, na kwa mara ya kwanza Waafrika wa nchi hizi wakaitwa London kutoa ushahidi wao. Kutoka Tanganyika walipelekwa watu watatu: Mtemi Makwaia wa Usiha, Francis Lwamgira wa Bukoba, na Martin Kayamba. Mtu aliyezaliwa katika kijiji cha waliokombolewa utumwani akakaa mbele ya mabwana wa Bunge, akaulizwa maswali, akajibu kwa lugha yao. Yeye na wenzake hawakuutaka muungano ule. Halmashauri ilipotoa shauri lake, ilisema kwamba wakati wa kuziunganisha nchi hizo haujafika. Bila shaka zilikuwako sababu nyingine pia, kama gharama na tofauti za nchi zenyewe. Lakini sauti ya Waafrika ilikuwa imesikiwa, na haikuwezekana tena kusema kwamba hawana neno la kusema.

Aliporudi aliandika kitabu kwa Kiswahili, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kilichopigwa chapa London mwaka 1932. Kabla ya hapo watu wetu walizoea kusoma habari za Wazungu waliokuja Afrika wakatazama desturi zetu na kuziandika. Sasa Mwafrika alikwenda Ulaya, akatazama desturi zao, akawaandikia ndugu zake kwa lugha yao wenyewe. Mwaka 1936 habari za maisha yake, alizoziandika mwenyewe kwa Kiingereza, zilitiwa katika kitabu cha maisha ya Waafrika kumi kilichokusanywa na Bibi Margery Perham. Vitabu vyake viwili vingine vya Kiingereza vilipigwa chapa mwaka 1948, naye alikuwa amekwisha kufariki.

Baada ya safari ile alihamishwa kwenda Dar es Salaam, katika ofisi kuu ya Serikali, akapewa cheo kilichokuwa juu ya Waafrika wote waliotumika katika ofisi za nchi. Mfalme wa Uingereza alimpa nishani ya M.B.E. Ndipo mashaka mengine yalipomjia. Baadhi ya watu walimwona kuwa karibu mno na wakubwa. Walisema kwamba mtu akaaye katika ofisi ya mtawala hawezi kumwambia mtawala kweli yote. Yeye aliamini kwamba maendeleo huja hatua kwa hatua, kwa elimu, kwa kazi safi na kwa subira. Aliwaonya vijana wasiache mema ya wazee wao kwa kutamani kila kitu cha kigeni. Wale waliokuja nyuma yake walikuwa na haraka zaidi, na historia ikawapa haki katika jambo hilo, kwa sababu uhuru ulikuja upesi kuliko alivyodhani yeye na Waingereza pia. Twamheshimu bila kusema kwamba aliona kila kitu. Kila kizazi hupewa sehemu yake ya njia. Sehemu yake yeye ilikuwa kuonyesha kwamba mlango unaweza kufunguliwa, na kuingia humo bila kuinamisha kichwa.

Chuo cha Kiungani nacho kilihama. Katika miaka ya 1920 kilipelekwa Bara, kikajengwa Minaki karibu na Kisarawe, kikiendelea kuitwa kwa jina la Mtakatifu Andrea. Baada ya uhuru Serikali ilizitwaa shule za misheni, na Minaki ikawa mojawapo ya shule za sekondari za taifa, ambamo wana wa dini zote husoma. Wako wanaosema kwamba hapo Kanisa lilipoteza mali yake. Lakini tukikumbuka maisha ya Martin Kayamba, twaona kwamba lililotolewa halikupotea. Chuo kilichoanza na watoto watano wa jahazini kililitolea Kanisa mapadre, na nchi kikaitolea watumishi. Wote walifundishwa na walimu wale wale, kwa sala zile zile.

Basi, wazazi mnaowapeleka watoto shuleni, na ninyi vijana mnaosoma, msiulize tu ni nani atakayekuwa padre na nani atakayekuwa karani. Ulizeni ni nani atakayekuwa mwaminifu katika kiti atakachopewa. Nasi katika Yubile hii, tuwaombeapo makasisi wetu waliolala, tumkumbuke pia karani huyu wa Tanga, Mungu amjalie raha ya milele, na nuru ya daima imwangazie.