Jef Raskin

Jef Raskin (New York, 9 Machi 1943 – Pacifica, California, 26 Februari 2005) alikuwa mtaalamu wa kompyuta kutoka Marekani. Anajulikana hasa kama mwanzilishi wa mradi wa Macintosh katika kampuni ya Apple, na kama mwandishi wa kitabu The Humane Interface (2000). Sehemu kubwa ya kazi yake ilihusu swali moja: ni mbinu ipi ya kuhariri maandishi kwenye kompyuta inayompunguzia mtu muda na makosa?

Maisha na kazi

Raskin alisoma hisabati na fizikia katika chuo kikuu cha Stony Brook, New York. Mwaka 1967 alipata shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania. Baadaye alifundisha katika Chuo Kikuu cha California, San Diego. Alikuwa pia mwanamuziki.

Aliajiriwa na Apple mwaka 1978, akisimamia uandishi wa vitabu vya maelekezo. Mwaka 1979 alianzisha mradi wa kompyuta ya bei nafuu kwa watu wa kawaida, akaupa jina linalotokana na aina ya tofaa aliyoipenda. Mwaka 1981 Steve Jobs alichukua uongozi wa mradi huo, na mwaka uliofuata Raskin aliondoka Apple. Macintosh iliyotolewa mwaka 1984 ilikuwa tofauti sana na ile aliyoikusudia.

Canon Cat

Baada ya hapo aliunda kampuni yake, Information Appliance. Kazi yake kuu ilikuwa Canon Cat, mashine ya kuandikia iliyouzwa na Canon kuanzia mwaka 1987. Haikuwa na kipanya wala vitufe vya mishale. Chini ya kitufe cha nafasi palikuwa na vitufe viwili vilivyoitwa LEAP, kimoja cha kurukia mbele na kingine cha kurudi nyuma. Mwandishi alikishikilia kwa kidole gumba huku akiandika herufi za mwanzo za neno analolitaka, na kishale kilisogea kwa kila herufi hadi kufika mahali penyewe. Mashine hiyo iliuzwa kwa muda mfupi tu, takriban 20,000 kwa jumla, kisha ikaachwa.

Kulinganisha mbinu za kuhariri

Raskin hakutaka mabishano kuhusu mbinu bora yaamuliwe kwa mazoea. Alitumia njia ya kuhesabu iliyobuniwa na Stuart Card, Thomas Moran na Allen Newell, ambayo hukipa kila kitendo muda wa wastani: kubonyeza kitufe sekunde 0.2, kuelekeza kipanya sekunde 1.1, na kuhamisha mkono kati ya kibodi na kipanya sekunde 0.4.

Tuchukue mfano wa mtu anayeandika programu na anayetaka kurudi kwenye neno lililo juu ya skrini. Akitumia kipanya, atahamisha mkono (0.4), ataelekeza (1.1), atabonyeza (0.2), kisha atarudisha mkono kwenye kibodi (0.4), jumla ni sekunde 2.1. Akitumia kitufe cha kurukia na herufi nne, atabonyeza mara tano, yaani sekunde 1.0. Muda wa kufikiri haukuhesabiwa hapa. Tofauti ni ndogo, lakini tendo hilo hurudiwa mara nyingi sana kwa siku.

Jambo la pili alilolitilia mkazo ni hatari ya "hali". Katika kihariri cha vi, ambacho Bill Joy alianza kukitengeneza mwaka 1976, kitufe cha x hufuta herufi katika hali ya amri, lakini huandika herufi x katika hali ya kuandika. Amri zake ni fupi na mikono haiondoki kwenye kibodi; hata hivyo, anayesahau yuko katika hali gani huharibu kazi yake. Raskin alipendelea hali inayodumu tu wakati kitufe kimeshikiliwa. Tofauti yake inaonekana kwenye kibodi yoyote: anayeshikilia Shift anajua kwa kidole chake kwamba anaandika herufi kubwa, ilhali aliyewasha Caps Lock hugundua baada ya kuandika mstari mzima. Amri nyingi za kihariri cha Emacs hutolewa kwa kushikilia kitufe cha Control, na kwa hiyo zinakaribiana na wazo hilo.

Miaka ya mwisho

Raskin alifariki kwa saratani ya kongosho akiwa na umri wa miaka 61. Mradi wake wa mwisho, Archy, ulikusudia kuufanya utaratibu huohuo utumike katika kazi zote za kompyuta, lakini haukukamilika.

Kutafuta kunakosogea kwa kila herufi kulikuwepo katika Emacs kabla ya Canon Cat, na leo kunapatikana pia katika Vim na vihariri vingine vingi vya watengenezaji wa programu. Vitufe vya LEAP vyenyewe havikuingia katika kibodi za kawaida.