William Harvey: Daktari aliyekimbiwa na wagonjwa kwa kusema damu inazunguka

Ukienda kupima presha, nesi anakuzungushia mkanda mkononi kisha unabana. Karibu miaka 400 iliyopita, daktari mmoja wa London alikuwa akibana mikono ya watu hivyohivyo, ila kwa kamba. Alichogundua kilimharibia kazi.

William Harvey alizaliwa Aprili 1, 1578 mjini Folkestone, Uingereza, na kuhitimu udaktari Padua, Italia, mwaka 1602. Enzi hizo madaktari walimfuata Galen, Mgiriki aliyekufa zaidi ya miaka 1,300 kabla. Kwa Galen, ini linatengeneza damu kutokana na chakula, damu inakwenda mwilini, inatumika, inaisha. Kesho unakula, inatengenezwa nyingine.

Harvey akapiga hesabu. Moyo ukitoa damu ya kijiko kimoja tu kila pigo, na ukidunda zaidi ya mara 1,000 kwa nusu saa, damu hiyo inazidi yote uliyonayo mwilini. Ini gani litaiweza kazi hiyo? Basi damu ni ileile, inatoka na kurudi.

Kamba ikamthibitishia. Akibana sana, mapigo kwenye kifundo cha mkono yanapotea. Akilegeza kidogo, damu inaingia lakini inashindwa kurudi, mishipa inatuna. Akijaribu kuisukuma kwa kidole irudi kuelekea vidoleni, inagoma. Ndani ya mishipa ile kuna vali, vijilango vinavyofunguka upande wa moyo tu. Mwalimu wake wa Padua, Fabricius, alizionyesha vali hizo, ila hakujua kazi yake hasa.

Kitabu chake kilitoka mwaka 1628, kurasa 72 tu, kwa Kilatini. Moyo ni pampu: upande wa kulia unapeleka damu kwenye mapafu, wa kushoto unaisambaza mwilini. (Safari ya mapafuni, Ibn al-Nafis alishaiandika Cairo karne ya 13.)

Wagonjwa wakaanza kumkimbia. Wengine walimwona amerukwa na akili.

Mfalme Charles wa Kwanza hakumwacha. Alimpa paa wake awachunguze, na siku moja wawili hao walikutana na kijana aliyekuwa na tundu kifuani tangu ajali ya utotoni. Waliugusa moyo wake ukidunda. Kijana hata hakuhisi.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza 1642, nyumba yake ikaporwa. Maandishi yake ya miaka mingi kuhusu wadudu yakapotea, na hilo lilimuuma kuliko hasara zake zote.

Aliishi hadi kuona wenzake wakikubali. Alichokosa ni mishipa midogo kabisa inayopitisha damu kutoka ateri kwenda vena. Malpighi aliiona kwa hadubini mwaka 1661, miaka minne baada ya kifo chake.

Juni 3, 1657, akiwa na miaka 79, Harvey aliamka hawezi kuongea. Kiharusi. Leo tunajua presha ya juu ndiyo chanzo kikubwa cha kiharusi, na wengi wanaishi nayo bila dalili yoyote. Yeye hakuwa na namna ya kuipima. Kipimo cha kwanza kilitangazwa mwaka 1733 na Stephen Hales, na aliyepimwa alikuwa farasi.