Kabla ya bifu, Tupac na Biggie walikuwa mabeshte

Nganya za Nairobi zimechorwa masura mengi, lakini ya Tupac haijawahi kuisha steam. Wengi wanamjua kwa bifu yake na Notorious B.I.G. Kile husahaulika ni kwamba hao majamaa walikuwa marafiki wa karibu.

Tupac Shakur alizaliwa New York tarehe 16 Juni 1971. Mathe yake, Afeni Shakur, alikuwa Black Panther. Mwezi mmoja kabla ajifungue alikuwa kortini, akashtakiwa kwa njama ya kulipua majengo. Alijitetea mwenyewe bila wakili, na akashinda.

Doo ilikuwa shida na familia ilihamahama sana. Baltimore, Tupac aliingia shule ya sanaa, akasomea uigizaji na hata baleti. Huko ndiko alikutana na Jada Pinkett. 1988 akaenda Marin City, California, halafu akaanzia chini kabisa: kubeba vyombo na kudansi nyuma ya kundi la Digital Underground.

Albamu yake ya kwanza, 2Pacalypse Now, ilitoka 1991. Mwaka uliofuata akawika kwa filamu ya Juice. 1993 alikuwa staa tayari, na Biggie alikuwa bado anajitafuta. Biggie akitua California, alikuwa analala kwa kochi ya Tupac.

Mambo yaliharibika tarehe 30 Novemba 1994. Tupac alienda kurekodi studio za Quad, New York. Pale chini kwa mlango, majamaa wenye bunduki wakampiga risasi tano na kumpora vito. Biggie na Puff Daddy walikuwa juu kwa jengo hilohilo. Tupac akaamini walijua mpango. Wao walikana, na hakuna aliyewahi kuthibitisha madai hayo.

Kesho yake, akiwa kwa kiti cha magurudumu, korti ikampata na hatia ya dhuluma ya kingono dhidi ya mwanamke mmoja. Yeye alikana hadi mwisho, lakini Februari 1995 akahukumiwa kifungo. Akiwa ndani, albamu yake Me Against the World ikashika namba moja Marekani. Wakati huohuo Biggie akatoa Who Shot Ya?. Alisema aliirekodi kabla ya tukio la Quad. Tupac hakununua hiyo story. Aliona ni yeye anachekwa.

Oktoba 1995, Suge Knight, bosi wa Death Row, akapanga dhamana ya dola milioni 1.4, naye Tupac akasaini na lebo hiyo. Februari 1996 akadondosha All Eyez on Me, diski mbili nzima. Juni ikafuata Hit 'Em Up, ambapo alidai alilala na Faith Evans, mke wa Biggie. Faith alikana. Kutoka hapo, kurudiana ilikuwa ngumu.

Usiku wa Septemba 7, baada ya pigano la Mike Tyson huko Las Vegas, Tupac na mbogi yake walimchapa jamaa wa genge pinzani ndani ya hoteli. Masaa machache baadaye, gari alimokuwa na Suge likamiminiwa risasi. Alifariki Septemba 13, akiwa na miaka 25. Biggie naye aliuawa Los Angeles tarehe 9 Machi 1997, akiwa na 24.

2023, polisi walimkamata Duane Davis, ambaye amekana mashtaka. Waendesha mashtaka wanasema Tupac aliuawa kulipiza kisasi cha ile kichapo ya hotelini. Yaani hata kwa hesabu yao, chanzo si Biggie.

Mabeshte wawili walikufa miezi sita tu wakiachana, bila kuketi chini waulizane nini haswa kilifanyika pale Quad. Mashabiki bado wanabishana nani alikuwa mkali zaidi. Wao wenyewe hawakupata hata nafasi ya kuzeeka wakibishana.