Kawawa: Staa wa sinema aliyekalia kiti cha Mwalimu, kisha akakirudisha

Ingia banda umiza lolote Musoma au Bunda, uliza nani alikuwa staa wa kwanza wa filamu za Bongo. Wengi watakutajia Steven Kanumba. Wanaojua zaidi watarudi nyuma hadi enzi za vichekesho vya redio na televisheni.

Rashidi Mfaume Kawawa hatatajwa na mtu. Jina lake liko kwenye vitabu vya historia: Waziri Mkuu, Makamu wa Rais, Simba wa Vita. Lakini kabla ya vyeo vyote hivyo, Kawawa alikuwa mwigizaji, tena mwigizaji mkuu.

Na huenda kazi ile ya kwanza ndiyo inayomweleza vizuri kuliko vyeo vilivyofuata.

Sinema kwenye shuka jeupe

Kawawa alizaliwa mwaka 1926 Matepwende, Namtumbo, mkoa wa Ruvuma wa leo. Alisoma Tabora, shule ileile aliyopitia kijana wa Butiama, Julius Nyerere, miaka kadhaa kabla yake. Alipomaliza aliajiriwa serikalini kama karani, kisha akahamia idara ya ustawi wa jamii.

Huko ndiko alikokutana na sinema. Enzi hizo serikali ya kikoloni ilikuwa na magari yaliyozunguka na projekta na jenereta. Kijiji kikifikiwa, shuka jeupe linatundikwa, giza linasubiriwa, watu wanakaa chini kutazama bure. Filamu zilihusu kusoma na kuandika, afya na kilimo. Kawawa alifanya kazi kwenye kitengo hicho.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ilishirikiana na kampuni ya filamu ya Afrika Kusini kutengeneza filamu za hadithi kwa Kiswahili, zilizochezwa na Waafrika wenyewe. Kawawa akasimama mbele ya kamera. Katika Muhogo Mchungu, filamu ya kuchekesha, mshamba anatoka kijijini anaingia Dar es Salaam, na mji unamzidi ujanja. Alionekana pia katika Chalo Amerudi na Mgeni Mwema.

Ilikuwa kazi ngumu kuliko inavyosikika. Watazamaji wengi walikuwa hawajawahi kumwona Mwafrika mwenzao kwenye pazia akiongea lugha yao. Ukikosea kumwigiza mshamba, unawatukana waliokaa pale chini. Ukipatia, wanajicheka wenyewe bila kuumia.

Kutoka uigizaji hadi siasa

Wakati wa vita vya Mau Mau alipangiwa kazi Urambo, kwenye kambi ya Wakikuyu waliozuiliwa na serikali. Huyo huyo aliyewachekesha watu kwenye pazia sasa alikuwa anakaa na watu waliong'olewa makwao.

Akaingia kwenye vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1955 alikuwa miongoni mwa waasisi wa shirikisho la wafanyakazi la TFL na akawa katibu mkuu wake. Mwaka uliofuata aliacha kazi ya serikali. Mwaka 1957 aliingia Baraza la Kutunga Sheria, na mwaka 1960 akawa waziri.

Mtu aliyezoea kuongea na umma uliokaa chini gizani hakupata shida kuongea na makuli wa bandarini au wafanyakazi wa mashamba ya mkonge.

Kiti cha miezi kumi na nusu

Januari 22, 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili aende kuijenga TANU. Kiti akamwachia Kawawa, aliyekuwa na miaka 35.

Kawawa hakukalia kiti kama kishika nafasi. Serikali yake iliharakisha kuweka Waafrika kwenye nafasi za utumishi. Mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi, na sheria nyingine iliyofanya mgomo halali wa wafanyakazi kuwa jambo gumu mno. Kiongozi wa jana wa wafanyakazi ndiye aliyewafungia mlango. Wenzake wa zamani wa vyama hawakulichukulia kama mchezo wa kuigiza. Kwao ulikuwa usaliti.

Desemba 9, 1962, Tanganyika ikawa jamhuri. Nyerere akawa Rais, Kawawa akawa Makamu wa Rais. Kiti kilirudi kwa mwenyewe bila kelele, bila kundi pembeni, bila mtu kupigwa risasi. Miaka michache baadaye, nchi kadhaa za Afrika zilianza kushuhudia wasaidizi wakiwapindua wakubwa wao.

Mwaka 1963 Mwalimu alichapisha tafsiri yake ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, mtawala anayeuawa na watu wake wa karibu. Aliyekuwa karibu naye kuliko wote serikalini alikuwa mwigizaji wa kweli, na hadithi ile hakuicheza.

Baada ya Muungano wa 1964, Abeid Karume alikuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Kawawa akawa wa Pili. Hilo nalo alilipokea.

Musoma 1974, na upande mchungu

Mwaka 1972 alirudi kuwa Waziri Mkuu. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kutoa Azimio la Musoma: ifikapo mwishoni mwa 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe anapata elimu ya msingi, na wanaotaka chuo kikuu wafanye kazi kwanza. Miongo miwili kabla, Kawawa alikuwa anapeleka sinema za kuwashawishi watu wajifunze kusoma. Sasa serikali aliyoisimamia ilitakiwa kupata madarasa na walimu nchi nzima kwa miaka mitatu.

Lakini miaka hiyohiyo ndiyo ya Operesheni Vijiji. Mwishoni mwa 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Mamilioni walihamishwa nchi nzima, Mara ikiwemo. Familia ziliacha mazizi, miembe na makaburi ya wazee wao. Sehemu nyingine nyumba zilibomolewa ili watu wasirudi.

Wazo lilikuwa la Mwalimu na chama. Utekelezaji ulikuwa wa serikali, na mtendaji mkuu wa serikali alikuwa Kawawa. Hapa ndipo ulinganisho na filamu unapofika mwisho. Muhogo Mchungu ikimalizika, projekta inazimwa na kila mtu anarudi kwake kulala. Aliyehamishwa mwaka 1974 hakuwa na kwake pa kurudi. Hesabu ya Kawawa lazima ibebe na hilo.

Jukumu la mwisho

Mwaka 1977 uwaziri mkuu ulikwenda kwa Edward Sokoine. Kawawa, aliyewahi kuongoza serikali mara mbili, akakubali kuwa Waziri wa Ulinzi chini yake, na alikuwa kwenye nafasi hiyo majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwaka 1978. Kuanzia 1982 hadi 1990 alikuwa Katibu Mkuu wa CCM.

Alifariki Dar es Salaam Desemba 31, 2009, miaka kumi baada ya Mwalimu. Alizikwa Madale. Anayefika Butiama leo anakuta kaburi na makumbusho ya mtu aliyekuwa mbele siku zote. 

Mwigizaji mzuri hupimwa kwa idadi ya sura anazoweza kuvaa: mcheshi, mpenzi, mgeni, mshamba. Kawawa alivaa nyingi, na nyingine ziliwaumiza watu. Ila alijua jambo moja linalowashinda wengi wakishaonja madaraka: sehemu yako ikiisha, unatoka jukwaani bila kusukumwa.