Grace Fryer: Msichana wa kiwandani aliyeishtaki kampuni ya radiamu

Tarehe 18 Mei 1927, mwanamke wa miaka 28 alifungua kesi ya madai katika jimbo la New Jersey, Marekani, dhidi ya kampuni iliyowahi kumwajiri. Jina lake lilikuwa Grace Fryer. Wakati huo mgongo wake ulikuwa unashikiliwa na mkanda wa chuma, taya lake lilikuwa limepasuliwa mara nyingi, na alikuwa ametafuta wakili kwa muda wa miaka 2 bila kumpata. Kampuni aliyoishtaki, United States Radium Corporation, ilikuwa na fedha, wataalamu na mawakili. Yeye alikuwa mfanyakazi wa benki aliyeishi kwa mshahara wake.

Kesi yake haikufikia hukumu. Hata hivyo, ni miongoni mwa kesi zilizowafanya waajiri wengi duniani watambue kwamba mfanyakazi anayeugua kwa sababu ya kazi anaweza kudai haki yake, hata kama ugonjwa wenyewe umejitokeza miaka mingi baada ya yeye kuondoka kiwandani.

Grace alizaliwa mwaka 1899, na mji wake ulikuwa Orange, katika jimbo hilo hilo la New Jersey. Mwaka 1917 Marekani iliingia katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Askari waliokuwa kwenye mahandaki walihitaji saa na vipimo ambavyo wangeweza kuvisoma gizani bila kuwasha taa. Rangi ya kufanya kazi hiyo ilikuwepo. Ilitengenezwa kwa unga wa radiamu uliochanganywa na salfaidi ya zinki, kisha ukaongezwa maji na gundi. Kampuni iliiuza kwa jina la Undark. Mwaka huo Grace, akiwa na miaka 18, aliajiriwa katika kiwanda cha Orange kupaka rangi hiyo kwenye namba za saa.

Kazi hiyo ilitamaniwa na wasichana wengi. Ililipwa kwa idadi, takribani senti moja na nusu kwa uso mmoja wa saa, na msichana mwepesi wa mkono aliweza kumaliza nyuso 250 kwa siku. Kwa binti wa familia ya kawaida, hayo yalikuwa malipo mazuri kuliko ya viwanda vingi. Aliyekawia alipata kidogo, aliyeharibu namba alionywa, kwa hiyo kila mmoja alijitahidi kuwa mwepesi na mwangalifu kwa wakati mmoja.

Tatizo lilikuwa katika brashi. Namba za saa ni ndogo, na nyuzi za brashi hutawanyika baada ya kupaka mara chache. Wasichana walifundishwa kuichonga ncha kwa midomo: weka brashi mdomoni, chovya kwenye rangi, paka. Kisha mdomoni tena. Kwa namna hiyo kila mmoja alimeza radiamu kidogo kidogo, mamia ya mara kwa siku. Walipouliza kama rangi ile ina madhara, waliambiwa haina. Wengine walijipaka kwenye kucha na meno kwa mzaha ili wang'ae wakienda kucheza dansi. Grace mwenyewe aligundua kwamba akipenga kamasi, kitambaa chake kilikuwa kinang'aa gizani.

Upande mwingine wa jengo hali ilikuwa tofauti. Wakemia walioshughulika na radiamu yenyewe walitumia ngao za risasi na koleo, kwa sababu walijua inaunguza mwili. Siku moja Sabin von Sochocky, mvumbuzi wa rangi hiyo na mmoja wa waanzilishi wa kampuni, alipita alipoketi Grace, akamwambia asiiweke brashi mdomoni kwani angeugua. Grace alimuuliza msimamizi wake, naye akamwambia apuuze. Hivyo ndivyo Grace alivyoeleza baadaye mahakamani.

Ili kuelewa kwa nini onyo kama hilo halikusikilizwa, yafaa kujua radiamu ilikuwa bidhaa ya namna gani sokoni. Iligunduliwa mwaka 1898 na Marie na Pierre Curie huko Ufaransa, na madaktari wakaitumia kutibu saratani. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 gramu moja iliuzwa kwa zaidi ya dola 100,000. Kitu cha bei hiyo watu walidhani ni dawa tu. Wafanyabiashara wakaitia kwenye krimu za uso na kwenye maji ya kunywa ya chupa. Tajiri mmoja wa Pittsburgh, Eben Byers, alikunywa maji hayo kwa miaka kadhaa akiamini yanampa nguvu. Alifariki mwaka 1932, taya lake likiwa limeoza. Faida ya wauzaji na ya viwanda ilitegemea umma uendelee kuamini kwamba radiamu ni afya.

Biashara hiyo ilifika hadi ukanda wetu. Radiamu ya kampuni za Marekani ilitoka katika mawe ya magharibi mwa nchi hiyo, ambayo yalihitaji kusagwa kwa tani nyingi ili kupata chembe ndogo. Kisha Wabelgiji walianza kuchimba Shinkolobwe, huko Katanga nchini Kongo, ambako mawe yalikuwa na utajiri mkubwa zaidi. Kuanzia mwaka 1922 radiamu ya Kongo ilisafishwa Ubelgiji na kuuzwa duniani kwa bei ya chini, na migodi ya Marekani ikashindwa kushindana nayo.

Grace aliacha kazi kiwandani mwaka 1920, akapata nafasi benki. Alidhani ukurasa huo umefungwa. Miaka 2 baadaye meno yake yakaanza kulegea na kung'oka, na taya likaingia usaha. Madaktari hawakuelewa. Mwaka huo huo wa 1922, mfanyakazi mwenzao wa zamani, Amelia Maggia, ambaye wengi walimwita Mollie, alifariki baada ya taya lake kuoza kabisa. Cheti cha kifo kiliandika kwamba ameuawa na kaswende. Wengine wakafuata mmoja baada ya mwingine, wote wakiwa wasichana wadogo, wote wakiwa wamepaka saa.

Kampuni ilipoona wafanyakazi wanakuwa adimu kwa sababu ya minong'ono, ilimwita Cecil Drinker wa Chuo Kikuu cha Harvard achunguze. Ripoti yake ya mwaka 1924 ilisema wazi kwamba vumbi la radiamu limeenea kila mahali kiwandani na kwamba damu za wafanyakazi haziko sawa. Mkuu wa kampuni, Arthur Roeder, hakuitoa ripoti hiyo. Idara ya Kazi ya New Jersey ilipewa maelezo mengine, yaliyoonyesha kwamba kila msichana ana afya kamili. Udanganyifu huo uligunduliwa baadaye, na Drinker akachapisha matokeo yake mwenyewe.

Grace naye alichunguzwa na Frederick Flinn, mtaalamu aliyelipwa na kampuni. Alimwambia kwamba afya yake ni nzuri. Baadaye ilijulikana kwamba Flinn hakuwa na leseni ya udaktari. Ukweli ulikuja mwaka 1925 kupitia Harrison Martland, daktari wa serikali wa kuchunguza vifo katika wilaya ya Essex. Martland alionyesha kwamba radiamu iliyomezwa haitoki yote mwilini. Mwili huidhani ni kalisi na kuiweka ndani ya mifupa, nayo hubaki humo ikitoa mionzi. Nguvu yake hupungua nusu tu baada ya miaka 1,600. Hakukuwa na dawa ya kuitoa.

Mtu mwingine angekata tamaa hapo. Grace aliendelea kwenda benki kila siku, na saa zake za mapumziko alizitumia kutafuta wakili. Wengine hawakuamini kwamba rangi ya saa inaweza kuua. Wengine waliogopa kampuni. Wengi walimwambia muda umekwisha, kwa sababu sheria ya New Jersey ilitaka kesi ya namna hiyo ifunguliwe ndani ya miaka 2, naye alikuwa ameondoka kiwandani muda mrefu uliopita. Jimbo liliingiza madhara ya radiamu katika sheria ya fidia mwaka 1926, lakini sheria hiyo haikuwasaidia walioumia kabla yake.

Hatimaye alipatikana Raymond Berry, wakili kijana. Baada ya Grace, wanawake wengine 4 walijiunga: Katherine Schaub, Edna Hussman, na ndugu wawili Quinta McDonald na Albina Larice, ambao walikuwa dada zake marehemu Mollie Maggia. Kila mmoja alidai dola 250,000.

Hoja ya kampuni ilikuwa moja na nzito: muda umepita. Berry alijibu kwamba muda hauwezi kuhesabiwa dhidi ya mtu asiyejua kwamba amedhurika, hasa pale aliyemdhuru anapouficha ukweli. Aliongeza kwamba radiamu iliyo ndani ya mifupa inawadhuru wateja wake kila siku mpya inayopambazuka. Mwezi Oktoba 1927 mwili wa Mollie ulifukuliwa. Miaka 5 tangu azikwe, mifupa yake ilikuwa bado inatoa mionzi. Kaswende haikuonekana.

Kesi ilianza kusikilizwa Januari 1928. Wanawake wawili walikuwa wagonjwa kitandani, na wengine walishindwa kuinua mkono vizuri kula kiapo. Grace alitoa ushahidi wake kwa utulivu, akieleza brashi, midomo na majibu aliyopewa. Mwezi Aprili kesi iliahirishwa hadi Septemba, kwa sababu mashahidi wa kampuni walikuwa wanasafiri kwenda Ulaya. Madaktari walikuwa wameshasema kwamba baadhi ya wadai huenda wasifike mwezi huo.

Hapo magazeti yakaamka. Walter Lippmann, mhariri wa gazeti la New York World, aliandika mara kadhaa kulaani uahirishaji huo. Habari za wanawake watano wa New Jersey zikafika Ulaya na kwingineko. Kampuni ikajikuta inahukumiwa barabarani kabla ya mahakamani. Jaji mmoja wa mahakama ya shirikisho akajitolea kuwa msuluhishi, na tarehe 4 Juni 1928 pande zote mbili zikapatana.

Kila mwanamke alilipwa dola 10,000 taslimu, pensheni ya dola 600 kwa mwaka maisha yake yote, na gharama za matibabu na za kesi. Kampuni haikukiri kosa lolote. Pensheni nayo iliwekewa sharti: jopo la madaktari watatu lingewapima mara kwa mara, na likiona mtu hana tena radiamu mwilini, malipo yangesimama. Ukilinganisha na dai la dola 250,000, fedha hizo zilikuwa kidogo. Wapo waliosema wangesubiri hukumu. Lakini mtu anayehesabu miezi iliyobaki hana uhuru wa kusubiri bei nzuri, na kampuni ililijua hilo.

Sabin von Sochocky, mvumbuzi wa rangi, alifariki Novemba 1928, naye akiwa ameharibiwa na radiamu. Quinta McDonald alifariki mwaka 1929. Katherine Schaub alimfuata Februari 1933. Grace Fryer alifariki Oktoba 1933, akiwa na miaka 34. Edna Hussman alifikia mwaka 1939, na Albina Larice, wa mwisho kati ya watano, mwaka 1946.

Njia waliyoifungua ilipitiwa na wengine. Katika mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, Catherine Donohue aliishtaki kampuni ya Radium Dial, naye akashinda mbele ya tume ya fidia mwaka 1938, muda mfupi kabla ya kufariki. Kampuni ilikata rufaa mara kwa mara hadi Mahakama Kuu ya Marekani ilipokataa kuisikiliza mwaka 1939. Safari hii palikuwa na uamuzi kamili, siyo suluhu tu. Mwaka 1941 Marekani iliweka kiwango cha juu cha radiamu ambacho mfanyakazi anaweza kuwa nacho mwilini, na kiwango hicho kilitokana na uchunguzi wa wapaka saa. Waliofuata, wakiwemo maelfu waliofanya kazi katika mradi wa bomu la atomiki ambao urani yake nyingi ilitoka Shinkolobwe, walilindwa kwa kipimo kilichopatikana kwenye mifupa ya wasichana wa Orange na Ottawa.

Eneo la kiwanda cha Orange liliingizwa mwaka 1983 katika orodha ya serikali ya Marekani ya maeneo yenye sumu yanayopaswa kusafishwa, na udongo ukachimbwa na kuondolewa. Kampuni iliyodai kwamba muda wa Grace Fryer umekwisha iliacha nyuma yake ardhi ambayo, zaidi ya nusu karne baadaye, ilikuwa bado inahesabu.