Jeanne Jugan, Mama wa Wazee Wasio na Makao (1792–1879)



Yubile ni wakati wa kushukuru. Tunawashukuru waliojenga kanisa na waliofundisha katekisimu. Lakini katika ukurasa huu tunapenda kuwakumbuka watu ambao majina yao hayakuandikwa popote: akina mama na vijana ambao, pasipo mshahara, wanapeleka chakula na maji ya kuoga kwa wazee waliokosa makao. Wazee hao tunawajua sote. Wengine wamefiwa na watoto wao, wengine wamekimbia vita, wengine walifukuzwa na jamaa zao wenyewe kwa kusingiziwa uchawi. Basi tumeona vema kusimulia maisha ya mwanamke aliyeifanya kazi hiyo zamani, naye hakuwa tajiri wala msomi.

Jeanne Jugan alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1792 huko Cancale, mji wa wavuvi katika Bretagne, upande wa magharibi wa Ufaransa. Ilikuwa miaka ya Mapinduzi. Makanisa yalifungwa, mapadri waliwindwa, na watoto walifundishwa sala kwa siri nyumbani. Baba yake alikuwa mvuvi. Alipotea baharini mwaka wa 1796, naye Jeanne hajatimiza miaka minne. Mama yake akabaki peke yake na watoto. Jeanne alichunga ng’ombe, na alipofikia umri wa miaka 16 hivi akawa mtumishi wa jikoni katika nyumba ya watu wakubwa. Baharia mmoja alitaka kumwoa, akamkatalia.

Mwaka wa 1817 alikwenda Saint-Servan, karibu na bandari ya Saint-Malo, akafanya kazi katika hospitali miaka sita, hata nguvu zikamwisha. Kisha alimtumikia bibi mmoja mcha Mungu miaka 12, mpaka bibi huyo alipokufa mwaka wa 1835. Baadaye alipanga vyumba viwili vya juu pamoja na mwanamke mzee, Françoise Aubert, na msichana yatima wa miaka 17, Virginie Trédaniel. Jeanne alikwenda kufua na kufanya kazi katika nyumba za watu, Françoise alisokota nyuzi, Virginie alishona. Ndivyo walivyopata mkate wao. Tunayataja hayo ili msomaji asifikiri kwamba huruma yake ilitoka katika mali.

Saint-Servan ulikuwa mji wa mabaharia, na bahari iliacha wajane wengi. Wazee wasio na mtu walizunguka mlango kwa mlango wakiomba, na usiku walilala popote. Mwanzoni mwa baridi ya mwaka wa 1839 Jeanne alipata habari za mama mzee mmoja, Anne Chauvin, kipofu, amepooza nusu ya mwili, hana tena wa kumtunza. Akamleta nyumbani. Inasimuliwa kwamba alimbeba mgongoni kwa ngazi nyembamba, akamlaza katika kitanda chake mwenyewe. Naye Jeanne akaenda kulala darini, chini ya paa. Alikuwa na miaka 47, umri ambao wengi huanza kutafuta wa kuwapumzisha.

Nyuma ya Anne akaja mzee wa pili, Isabelle Cœuru. Huyu alikuwa mtumishi mwaminifu: mabwana zake walipofilisika, aliwalisha kwa akiba yake, na akiba ilipokwisha aliwaombea chakula barabarani mpaka walipokufa. Sasa yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa na peke yake. Jeanne hakuweza kumwacha. Tena wakaja wasichana wengine kumsaidia, wa kwanza wao Marie Jamet, na tarehe 15 Oktoba 1840 wakafanya umoja mdogo, wakiongozwa na padri kijana wa parokia, Auguste Le Pailleur. Mwaka wa 1841 walikodi chumba kikubwa cha chini kilichokuwa zamani baa. Wakaingia humo wazee 12. Mwaka wa 1842 wakanunua nyumba ya zamani ya watawa, na mwisho wa mwaka wa 1843 wazee walikuwa karibu 40.

Ni nani aliyewalisha watu wote hao? Hapa ndipo tunapoona akili ya Jeanne. Wazee waliozoea kuomba walitaka kurudi barabarani, kwa maana huko walikuwa na wafadhili wao, na wengine walinunua pombe kwa feza waliyopata. Jeanne hakuwakemea. Aliwauliza majina ya wafadhili hao, ni nyumba zipi na ni siku gani. Kisha akachukua kikapo akaenda yeye mwenyewe kuomba mahali pao. Bruda mmoja wa Mtakatifu Yohane wa Mungu ndiye aliyemtia moyo katika shauri hili. Tusifikiri lilikuwa jambo jepesi. Mwanamke aliyekula kwa jasho lake tangu utoto alisimama sasa mbele ya milango ya watu wanaomfahamu, akiinyosha mkono. Aliona haya sana, akaendelea. Alipokea mkate, mabaki ya chakula, nguo, kuni, senti. Akipewa alishukuru, akitukanwa alishukuru vilevile. Inasimuliwa kwamba tajiri mmoja alikasirika kumwona tena siku ya pili. Jeanne akamweleza kwa upole kwamba wazee walikuwa na njaa jana, wanayo leo, na kesho watakuwa nayo. Tangu siku ile tajiri huyo alitoa kila mara.

Kwa mawazo yetu, shukrani yake ilianzia hapo. Aliyepewa alikuwa mzee, aliyetoa alikuwa jirani, naye Jeanne alisimama katikati akiwashukuru wote wawili. Ndiyo sababu wazee wake hawakuona haya kula.

Tarehe 11 Desemba 1845 Akademia ya Ufaransa huko Paris ilimpa zawadi ya Montyon, franka 3,000, iliyotolewa kwa maskini waliofanya mambo mema. Feza yote iliingia katika nyumba ya wazee. Lakini wakati huo Jeanne hakuwa tena mkubwa wa umoja. Tarehe 8 Desemba 1843 wenzake walikuwa wamemchagua tena. Siku 15 baadaye Padri Le Pailleur akafuta uchaguzi huo na kumweka Marie Jamet, mwenye miaka 23. Jeanne akatii, akashika kikapo chake. Nyumba zikaongezeka huko Rennes, Dinan, Tours na Angers, na nyingi kati yazo zilisimama kwa sababu yeye alikwenda kuomba. Mwaka wa 1852 akaitwa arudi, asiombe tena. Mwaka wa 1856 akapelekwa nyumba kubwa ya shirika, La Tour Saint-Joseph, katika Saint-Pern, akakaa kati ya wanovisi kwa jina la Sista Marie de la Croix. Padri Le Pailleur aliacha watu waamini kwamba yeye ndiye mwanzilishi, na wanovisi wengi hawakujua kwamba bibi yule mrefu mwenye fimbo, aliyewafundisha kusema asante kwa kila kitu kidogo, ndiye aliyeanzisha shirika lao. Udhalimu ulikuwa udhalimu. Utakatifu wake haumpi haki yule aliyeutenda.

Mara moja tu walimwita katika baraza, mwaka wa 1865. Watu walitaka kuliachia shirika mali ya kuleta faida kila mwaka. Jeanne alishauri wakatae, waendelee kutegemea sadaka za kila siku. Baraza likafuata shauri lake.

Alikufa tarehe 29 Agosti 1879, na miaka 86, macho yake karibu hayaoni tena. Masista Wadogo wa Maskini walikuwa wakati huo wapata 2,400. Mwaka wa 1890 Roma ilimwondoa Padri Le Pailleur katika uongozi, na ukweli ukajulikana polepole. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 3 Oktoba 1982. Benedikto XVI alimtangaza Mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009, siku moja na Padri Damiano, Mbelgiji aliyewahudumia wenye ukoma huko Molokai. Binti zake wangali wanazunguka sokoni na madukani, wakiwaombea wazee chakula.